Mwari Kifuani pa Malkia

Katika jumba la sanaa la Walker, mjini Liverpool, Uingereza, ipo picha ya rangi ya mafuta iliyochorwa juu ya ubao kati ya mwaka 1573 na 1575 hivi. Si kubwa: urefu wake haufiki sentimita 80 na upana ni kama sentimita 61, mtu mmoja anaweza kuibeba kwapani. Aliyechorwa ni Malkia Elizabeth wa Kwanza, umri wake ukiwa miaka 40 hivi. Gauni lake jekundu limejaa dhahabu, vito na lulu. Uso ni mweupe, hauna kivuli hata kimoja. Katikati ya kifua kinaning'inia kidani kidogo chenye umbo la mwari, shingo ameiinamisha, mdomo ameuelekeza kifuani pake mwenyewe. Ukiitazama picha kwa haraka kidani hicho kitakupita, maana lulu zimekizunguka kila upande. Hata hivyo ndicho kilichoipa picha jina lake. Huitwa Picha ya Mwari.

Wapendwa katika Bwana, huenda mtauliza malkia wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1533 ana habari gani na watu wa Chunya. Ana habari. Mwari ni ndege wetu, na dhahabu ndiyo iliyoujenga mji wetu. Katika siku za utawala wake meli ya Kiingereza, Edward Bonaventure, chini ya nahodha James Lancaster, ilitia nanga Unguja mwishoni mwa mwaka 1591 na kukaa huko mpaka Februari 1592, kwa hiyo watu wake na watu wa pwani yetu walikwisha kuonana uso kwa uso. Lakini zaidi ya hayo, picha ile inanisumbua kwa swali ninalokutana nalo hapa kila wiki, kwenye nyumba za waumini na kwenye migodi: mtu akivaa ishara ya Kristo kifuani, anadaiwa nini, na anayemdai ni nani?

Tuanze na ndege. Waliofika Ziwa Rukwa, kule bondeni ambako zamani kulikuwa sehemu ya wilaya yetu kabla Songwe haijajitenga, wamemwona. Mwari mweupe ni ndege mkubwa, akikunjua mbawa hufika mita tatu hivi kutoka ncha hadi ncha, na chini ya mdomo wake mrefu kuna mfuko wa ngozi. Huvua kwa ushirika. Kundi hujipanga nusu duara majini, huwaswaga samaki kuelekea kwenye maji mafupi, kisha midomo yote huzama kwa pamoja. Akirudi kwa makinda, mzazi hamwekei mtoto samaki mdomoni kama wafanyavyo ndege wengine. Huachama, na kinda huingiza kichwa kizima mpaka kooni, akichota chakula ambacho mzazi alikwisha kukimeza. Ni kulisha kwa tabu. Mzazi husukumwa na kuvutwa huku na huku, na mara nyingi mdomo wake huwa umebanwa kifuani ili mtoto apate kufikia.

Hapo ndipo watu wa kale walipodhani wameona damu. Katika karne za kwanza za Ukristo, huko Aleksandria ya Misri, kiliandikwa kitabu kiitwacho Physiologus, kilichokusanya habari za wanyama na kuzifungamanisha na mafundisho ya imani. Kitabu hicho husimulia kwamba makinda ya mwari yakifa, siku ya tatu mzazi hujitoboa ubavu, huyanyunyizia damu yake, nayo hufufuka. Baadaye hadithi ikapata sura nyingine, kwamba wakati wa njaa mama hujichoma kifua na kuwanywesha watoto damu yake. Mwari wa kweli hafanyi hivyo hata siku moja, na ninalisema wazi ili kijana aliyesoma biolojia asije akaliacha Neno kwa sababu ya ndege. Lakini Kanisa lilimwona Yesu ndani ya hadithi ile, na kuhusu Yesu halikukosea. Mwari akachongwa kwenye madhabahu na kuchorwa kwenye vioo vya madirisha. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alimpa Kristo jina la mwari ndani ya wimbo wa kuabudu Sakramenti unaohesabiwa kuwa wake.

Biblia yenyewe haikumpa ndege huyu cheo chochote. Mambo ya Walawi sura ya 11 humweka miongoni mwa ndege wa machukizo, wasioliwa. Zaburi ya 102 humtumia kumweleza mtu mwenye dhiki, aliyebaki peke yake nyikani. Basi ndege najisi, tena mpweke, ndiye aliyebebeshwa sura ya Mwokozi, na mimi naona jambo hilo limekaa sawasawa na Injili kuliko kama angechaguliwa tai. Sisi Wamoravian tumezoea Mwanakondoo mwenye bendera kwenye muhuri wa Kanisa letu; wazee wetu walimjua tangu wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891. Mwanakondoo na mwari wanahubiri mahubiri yaleyale: aliye mkuu amejitoa ili walio wadogo waishi. Ila Mwanakondoo wetu yuko kwenye muhuri na ukutani, na mwari wa picha hii yuko mwilini mwa mtawala. Malkia amejivika mahubiri. Anayemtazama anaambiwa kwamba huyu ndiye mama wa taifa, tayari kutoa damu yake kwa ajili ya watoto wake.

Anayehesabiwa kuwa mchoraji ni Nicholas Hilliard, mzaliwa wa Exeter, aliyejifunza usonara kwanza ndipo akawa mchoraji wa malkia. Usonara haukumtoka mkononi. Alipotaka kuchora lulu kwenye vile vipicha vyake vidogo vya kuvaa, alidondosha tone la rangi nyeupe likavimba, akaweka kidoa cha fedha halisi juu ya tone, kisha akakisugua kwa jino la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche mpaka king'ae. Kazi yote hiyo ilifanyika juu ya kitu kisichozidi punje ya ulezi. Wenzetu wanaokaa na karai kutwa wakitafuta chembe inayong'aa ndani ya mchanga mweusi watamwelewa vizuri kuliko mimi.

Hilliard aliandika pia kwamba malkia alipokaa ili achorwe, alichagua njia ya wazi bustanini, pasipo mti karibu wala kivuli chochote. Ndiyo maana uso wake hauna giza upande wowote. Karibu na ukingo wa juu wa picha kuna maua mawili, kila moja chini ya taji. La kwanza ni waridi, ua la ukoo wake wa Tudor, ukumbusho wa ndoa ya mwaka 1486 iliyounganisha koo mbili zilizokuwa zimeuana kwa miaka mingi kwa ajili ya kiti cha enzi. La pili ni yungiyungi la wafalme wa Ufaransa, maana watawala wa Uingereza walikuwa wakijiita pia watawala wa nchi hiyo. Lakini mji wa mwisho waliokuwa nao huko, Calais, ulichukuliwa Januari 1558, miezi kadhaa kabla Elizabeth hajawa malkia. Alipochorwa na ua lile hakuwa na kipande cha ardhi ya Ufaransa. Ua lilidai kitu ambacho mkono haukuwa nacho, na likachorwa vizuri vilevile, kwa rangi ileile, na mkono uleule uliomchora mwari.

Picha hii ina pacha wake. Ni mali ya jumba la picha za watu mashuhuri mjini London, nayo inamwonyesha malkia akiwa na kidani cha finiksi, ndege wa hadithi anayeungua na kuinuka tena kutoka majivuni. Wataalamu walipozichunguza picha hizo mbili waligundua kuwa mbao zake zilipasuliwa kutoka miti ileile. Kwa Mkristo, mwari ni Ijumaa Kuu na finiksi ni Pasaka. Malkia alimtaka ndege anayekufa kwa ajili ya wengine, akamtaka na ndege asiyeshindwa na kifo. Namwelewa. Kila mmoja wetu huutaka ufufuo. Ugumu uko kwenye yule ndege mwingine.

Maandiko hayakatazi kuvaa kitu kitakatifu kifuani. Mungu mwenyewe aliagiza. Kitabu cha Kutoka, sura ya 28, kinaeleza kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu: dhahabu, nyuzi za rangi, vito 12 vilivyopangwa mistari minne, na juu ya kila kito limechorwa jina la kabila moja la Israeli. Haruni alipaswa kuyachukua majina hayo juu ya moyo wake kila alipoingia mahali patakatifu. Vito vile havikuwa vya kumpendeza Haruni. Vilikuwa watu. Akiinama, watu wanainama naye. Akiingia mbele za Mungu, anaingia na mzigo wenye majina. Tangu siku hiyo, anayevaa ishara ya Mungu kifuani anakuwa amekubali kubeba watu, na wale watu wana haki ya kumuuliza.

Basi tumuulize malkia, kwa haki hiyohiyo, sisi tulio watoto wa Afrika.

Baba yake, Henry wa Nane, alikuwa amenunua meli kubwa kutoka kwa wafanyabiashara wa Kijerumani wa mji wa Lübeck. Meli hiyo iliitwa Jesus, yaani Yesu. Mwaka 1564 Elizabeth aliikodisha kwa mfanyabiashara John Hawkins wa Plymouth, kama mtaji wake katika safari. Hawkins alikwenda nayo pwani ya Afrika Magharibi, akakamata na kununua watu kwa mamia, akawavusha bahari na kuwauza kwa Wahispania huko Amerika. Safari ilileta faida na malkia akapata sehemu yake. Mwaka 1567 meli ileile ilitolewa tena kwa kazi ileile, mpaka ikapotea vitani huko Mexico mwaka 1568. Picha ya Mwari ilichorwa yapata miaka mitano hadi saba baadaye.

Ndugu zangu, nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado nikilifikia nasimama. Jina lipitalo majina yote lilikuwa limetajwa kwenye meli, na chini ya jina hilo, tumboni mwa meli, walikuwa wamefungwa baba zetu na mama zetu wa upande wa magharibi, wakilia kwa lugha ambazo hakuna baharia aliyezielewa. Mabaharia walisali, maana desturi ya meli za Kikristo za wakati ule ilikuwa kusali asubuhi na jioni. Iko amri inayokataza kulitumia jina la Mungu ovyo, na sisi tumezoea kuifundisha watoto kama onyo la kutoapa ovyo mitaani. Amri ile ni kubwa kuliko hapo. Mtu anaweza kulitukuza jina kwa mdomo na kulichafua kwa shehena.

Hawkins naye alipata ishara yake. Mwaka 1565 alipewa nembo ya ukoo, na juu ya nembo hiyo akawekwa Mwafrika aliyefungwa kamba. Sasa ziweke ishara hizo mbili pamoja. Malkia ana mwari anayetoa damu yake. Nahodha wake ana mtu mweusi anayetolewa damu na wengine. Ya nahodha ilisema kweli. Afadhali yake katika hilo, kwa sababu aliyetaka kujua utajiri ule ulitoka wapi aliweza kuusoma pale juu. Ishara nzuri ndiyo iliyodanganya, nayo ndiyo iliyovaliwa karibu na moyo.

Najua yupo atakayeniambia kwamba zama zile wote walikuwa hivyo. Ezekieli aliishi zama za mbali zaidi, na sura yake ya 34 imewakaripia wachungaji wanaojilisha wenyewe na kuwaacha kondoo. Ujumbe huo ulikuwa ndani ya Biblia iliyosomwa kwa Kiingereza katika makanisa ya Elizabeth, kwa amri yake mwenyewe. Haukuwa umefichwa.

Hata hivyo nisingependa tumalize habari ya picha hii kwa hasira, kwa kuwa yupo mtu mwingine anayehusika nayo, na kwa muda mrefu nimemfikiria yeye kuliko malkia. Oktoba 1562 Elizabeth aliugua ndui. Hali ikawa mbaya, washauri wake wakaanza kujiuliza nani atarithi. Mmoja wa waliomuuguza alikuwa Mary Sidney, mwanamke wa jumba la kifalme, mke wa Henry Sidney. Alikaa na mgonjwa, akamhudumia, naye akaambukizwa. Malkia akapona. Mary Sidney akapona pia, lakini uso wake ukaharibika vibaya kwa makovu. Mumewe, aliyekuwa safarini Ufaransa, aliandika baadaye kwamba alimwacha mkewe akiwa mzuri wa sura, akarudi akamkuta ameharibiwa na ugonjwa alioupata kwa kumhudumia malkia. Inajulikana kuwa tangu hapo mama huyo alipendelea kujitenga na macho ya watu.

Ukiirudia picha sasa, ule uso mweupe usio na kivuli unakuwa na maana nyingine. Upo kwa sababu mtu mwingine alikaa kando ya kitanda usiku. Mary Sidney ndiye aliyefanya kile ambacho mwari wa kidani anakisema, kwa mwili wake, tena bila kuvikwa kidani. Hakuna aliyemchora na ndege kifuani. Alipata makovu tu, na Bwana wetu naye baada ya kufufuka aliwaonyesha wanafunzi makovu, hakuwaonyesha taji. Wakati Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme, alielezwa kwamba Mungu hapimi kwa sura na kimo. Nina hakika moyoni kuwa katika habari ya ndui ya mwaka 1562, Mungu aliitazama sura iliyoharibika akaiona nzuri.

Hapa Chunya akina Mary Sidney nawafahamu. Wako wodini, wamelala sakafuni kando ya kitanda cha mgonjwa, wamejifunika kitenge, wanaamka kila saa kumgeuza baba aliyevunjika kiuno duarani, ndani ya shimo la mgodi. Wako nyumbani wanaosha vidonda vya mama mkwe ambaye hakuwahi kuwapenda. Hao ndio mwari, na wengi wao hawana hata shanga shingoni.

Na wapo waliovaa. Misalaba ya dhahabu imejaa mjini kwetu, wala si ajabu, dhahabu ni yetu. Watu walianza kumiminika kwenye uwanda wa Lupa katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 Lupa ilikuwa gumzo la Tanganyika nzima. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa katika miaka ya 1950, wachimbaji wadogo wakabaki na mwamba wao, na tangu mwaka 2019 tuna soko la madini ambako mtu huuza akiwa na karatasi mkononi, bila kuvizia kichakani. Kwa karibu miaka 100 dhahabu ya hapa imekwenda kuning'inia vifuani pa watu tusiowajua. Magari yetu yameandikwa majina matakatifu mbele na nyuma. Yako maduka, yako makarasha ya kusaga mawe, yako maduara yenye majina ya mitume na manabii, na mengine yana jina la Bwana mwenyewe. Ninafurahi kuyasoma. Ila nikilisoma jina hilo kwenye mlango wa karasha, nakumbuka meli ya mwaka 1564, na nataka kujua nani yuko ndani.

Mwenye duara aliyeokoka, mgao wa mifuko ya mawe ukifika, je, vijana waliokaa chini futi kwa futi wanapata mifuko mliyokubaliana, au inaanza hadithi ya gharama za mafuta na mbao? Akina mama wanaoponda mawe wanalipwa siku ileile, au wanazungushwa mpaka wachoke? Mtoto anayepaswa kuwa darasani amefuata nini kwenye marudio, ule mchanga uliokwisha kuchenjuliwa? Majina ya watu hao ndiyo vito 12 vyako. Msalaba unaoning'inia kifuani kwako umeyachora huko nyuma, upande unaogusa ngozi.

Liko jambo moja linaloniumiza kupita yote, nalo linahusu mama na mtoto hasa, kama habari ya mwari. Ni zebaki. Wote mnaijua kazi yake: hunasa chembe za dhahabu, kisha donge linachomwa, zebaki inapaa na dhahabu inabaki. Mvuke ule hauonekani na hauna harufu. Huingia mapafuni, na kwa mama mjamzito hupita mpaka kwa mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Kwa anayenyonyesha, sehemu yake hufika kwenye maziwa. Nchi yetu imo katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watoto walizaliwa na ulemavu kwa sababu ya zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Lakini mkataba haufiki jikoni, na bado wapo wanaochomea dhahabu kwenye kikaango, mlango umefungwa ili majirani wasione, mtoto yuko mgongoni. Mama wa hadithi alijitoboa ili watoto waishi. Mama huyu, kwa umaskini na kwa kutoambiwa, anawalisha watoto kinachowaua polepole, na hana kosa la kutaka kuwasomesha. Walio na uwezo wa kununua vifaa vya kuchomea vinavyonasa mvuke, wavinunue na kuwaachia akina mama wavitumie. Msingoje mradi. Baraza la wazee nimekwisha kuliomba lianze na kimoja, tukiweke mahali pa wazi, mbali na nyumba, kila mchenjuaji akitumie bila kuulizwa dhehebu.

Nimebaki na neno la damu yenyewe, kwa kuwa mwari ametufikisha hapo na sitaki tumpite. Damu yetu sisi haimwokoi mtu dhambini. Iliyofanya hivyo imekwisha kumwagika mara moja pale msalabani. Lakini Mungu ametupa neema ambayo mwari wa kweli hana, kwamba tunaweza kutoa damu tukabaki wazima, na mwingine akaishi kwayo. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi nchini mwetu. Mwamba ukimwangukia mtu duarani, anayefika hospitali akiwa hai mara nyingi anahitaji chupa kadhaa usiku uleule. Kituo cha damu salama cha kanda yetu kiko Mbeya, na barabara ya Chunya hadi Mbeya inapanda mlima. Anayevuja damu hana muda wa kusubiri. Chupa moja ni kama nusu lita. Hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende kabla haijatumika, wala haiuzwi.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, wahudumu wa damu watakuwa ukumbini mpaka saa tisa alasiri. Wanapokea wenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wasio na homa. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Wajawazito na wanaonyonyesha wasitoe. Wao waje watukaribishie wageni chai. Njooni mkiwa mmekula na kunywa maji ya kutosha. Waliotoka zamu ya usiku duarani walale kwanza, waje kuanzia saa saba, tumewatengea nafasi. Mikono itakayonyooshwa haitaulizwa ni ya Mmoravian, Mlutheri, Mkatoliki au Mwislamu. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na mama mchungaji ameniambia atanifuata.